Jenerali na Sanduku la Nyumba Kumi na Nne

Jenerali alipostaafu walimpa upanga wa heshima, saa ya ukutani, na mkono wa buriani kutoka kwa kila mtu aliyekuwa akimwogopa. Siku ya tatu aliamka saa kumi na moja na nusu, akanyoa ndevu, akavaa, akatoka uani kukagua gwaride. Gwaride lenyewe lilikuwa kuku watano na paka. Kuku hawakusimama wima. Paka alimtazama mara moja, akaendelea kujilamba. Jenerali akaona kwamba nidhamu ya pale nyumbani imeporomoka vibaya, na akaamua kuirudisha.

Tumtendee haki kabla hatujaanza kumcheka: hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameishi miaka thelathini na tisa mahali ambapo kila kitu kina mstari wake, na kisicho na mstari huchorewa. Mtu wa namna hiyo ukimrudisha ghafla kwenye nyumba yenye sufuria zinazokaa popote na mke anayelala mchana akipenda, lazima ahangaike.

Hata jeshini aliingia kwa kusindikiza. Mwenye hamu ya jeshi alikuwa rafiki yake. Tangu wakiwa wadogo, rafiki huyo alitembea kwa kupiga hatua na kubeba fimbo begani. Siku ya usaili wakaenda wote wawili na mkate mmoja wa kugawana njiani. Rafiki akakataliwa kwa sababu nyayo zake ni bapa. Msindikizaji, aliyekuwa amekaa pembeni akiulinda mkate, akaambiwa avue shati, akapimwa kifua, akapandishwa lori. Mkate akabaki nao yule mwenye nyayo bapa, na inasemekana aliula huku analia.

Kilichompandisha ngazi ni chokaa. Alipokuwa luteni alipelekwa kwenye kambi iliyosahaulika, mabati yameliwa na kutu na malori manane yamekaa juu ya mawe, siku tatu kabla ya brigedia kuja kukagua. Ghalani hamkuwa na kitu ila magunia kumi na mawili ya chokaa. Luteni hakulala. Alipaka mawe ya njiani, vigogo vya miti, nguzo, kingo za mitaro, hata yale mawe yaliyoshikilia malori. Brigedia alipofika kila alipotupa jicho palimeremeta. Akasema, “Hapa pana kamanda.” Hakuna aliyeuliza kama malori yanawaka. Mwaka haukuisha, luteni akawa kapteni, na kuanzia siku hiyo kila palipotokea tatizo aliulizia brashi. Askari wakampa jina la Chokaa. Alipokuwa meja walimwita Meja Chokaa, na alipofika juu kabisa akawa Jenerali Chokaa. Jina hilo walilijua wote, mpaka wapishi, isipokuwa mwenyewe.

Lakini chokaa peke yake haimfikishi mtu kwenye ujenerali. Kazi yake ya kweli ilikuwa usafirishaji, na hapo alikuwa fundi. Chakula, dawa, risasi, mablanketi: ukimkabidhi Chokaa mzigo, mzigo utafika, iwe mafuriko, iwe daraja limekatika. Alikuwa na fahari moja, na alikuwa akiitoa mbele ya wageni kila walipokunywa kikombe cha pili cha chai.

“Miaka thelathini na tisa,” alikuwa akisema, “msafara wangu haukuchelewa kuondoka hata dakika moja. Isipokuwa mara moja. Dakika nne. Na hilo lilikuwa tairi. Lipo kwenye taarifa.”

Wageni walitikisa kichwa kulisikitikia tairi, na mkewe aliwaongezea chai.

Mke huyo ndiye aliyehamahama naye. Walioana akiwa bado luteni, na katika miaka yao ya jeshi waliishi nyumba kumi na nne. Utaratibu haukubadilika: barua inakuja Ijumaa, Jumatatu mnaondoka. Wiki waliyooana, fundi seremala wa kambi aliwatengenezea sanduku kubwa kwa mbao za makasha ya risasi, na kila uhamisho nyumba nzima iliingia humo: vyombo, mapazia, nguo za watoto. Mama, maana ndivyo Jenerali alivyomwita na ndivyo tutakavyomwita, alikuwa na mazoea yake. Kila walipokuwa wanaondoka, lori likishapakiwa, alitoa penseli ya seremala akaandika mistari miwili mitatu kwenye sanduku. Nyumba ya ngapi, walikaa muda gani, nani alikuwa jirani mwema, nani alizaliwa. Na mwisho kabisa, habari za mpapai.

Mama alipenda mapapai kupita kiasi. Wakifika mahali alijizuia kwanza, akasubiri mwaka, wakati mwingine mwaka na nusu, mpaka aone dalili kwamba sasa watatulia. Hapo ndipo alipopanda mpapai nyuma ya jikoni. Na akishaupanda tu, barua inakuja, kana kwamba mche ulikuwa na mpelelezi wake makao makuu. Kwa hiyo sandukuni kuliandikwa: *Nyumba ya tatu. Bati linavuja chumbani. Mpapai: maua.* Kuliandikwa: *Nyumba ya nne. Mke wa daktari nimemwachia sufuria kubwa. Mpapai: mapapai saba, mabichi.* Pande zote za sanduku zilijaa, akaingia kwenye kifuniko, akamalizia ndani yake. Katika nyumba ya kumi na tano, hii yao wenyewe ya kustaafia, walikuwa wamekaa miaka mitatu na hakuwa amepanda kitu.

“Nikiupanda tu,” alimwambia mdogo wake, “watamwita.”

Na Jenerali mwenyewe alikuwa akisubiri kuitwa. Hakusema, lakini kila mwenye barua alipopita nje, alikohoa na kusogea karibu na geti. Siku zilipopita bila bahasha akaanza kuandika kitabu cha maisha yake. Alikuwa akitembea sebuleni mikono nyuma akitoa maneno, na binti yake, kitindamimba, mwalimu wa sekondari, alikuja kila Jumapili kuyachapa kwenye kompyuta. Ukurasa wa sitini na moja ulisema hivi: *Mwaka huohuo nilioa. Mwezi uliofuata nilipandishwa cheo kuwa kapteni.*

“Baba, ndiyo basi?” binti akauliza.

“Basi nini?”

“Mama. Ameishia hapo?”

“Si nimesema nilioa? Ulitaka niandike mara ngapi?”

Kila alipokwama kwenye tarehe alipaza sauti: “Mama! Mwaka wa mafuriko tulikuwa wapi?” Mlango unalia, kisha kutoka upande wa stoo linakuja jibu: nyumba ya saba, tulihamia Jumanne, mvua ilikuwa inanyesha. “Mama yako ana kichwa,” Jenerali alimwambia binti. “Angekuwa mwanajeshi angefika mbali.” Hakujiuliza kwa nini kichwa hicho kilikuwa kikifanya kazi stoo tu.

Sasa basi, Mama akaenda kukaa wiki moja kwa binti yao mkubwa aliyejifungua, na Jenerali akaachiwa nyumba. Jumamosi ya wiki hiyo walitarajiwa maofisa wenzake watatu, wastaafu kama yeye, waje kusikiliza sura za kwanza za kitabu. Ukaguzi ni ukaguzi. Kwenye mlango wa friji alibandika Amri ya Siku namba saba, inayoamuru usafi wa eneo lote, akaisaini, akaipigia saluti ya moyoni, kisha akavua shati akaitekeleza mwenyewe, maana askari hakuwepo.

Alipaka mawe ya kutoka getini mpaka mlangoni. Alipaka vigogo, nguzo za kamba ya nguo, kingo za karo la kufulia, banda la kuku mpaka kuku wakawa wanalala nje kwa wasiwasi. Siku ya tatu akaingia stoo. Humo akakuta kasha chakavu, limechafuliwa kwa penseli kila mahali. Makasha ya mizigo aliyajua kuliko alivyowajua ndugu zake. Yote huwa na mikwaruzo ya wapakiaji, namba za lori na mishale. Miwani ilikuwa mfukoni. Aliivaa kwa kusoma tu, na hakujua kwamba pale palikuwa na kitu cha kusoma.

Mtu mvivu angepaka rangi juu ya uchafu akaondoka, na sisi tungekuwa tumemaliza hadithi mapema. Jenerali hakuwa mvivu. Mbao isiyopigwa msasa, alizoea kusema, ni askari asiyeoga. Akalitoa sanduku uani, akalipiga msasa mnene, akalipiga msasa laini, nje na ndani, mpaka mbao ikawa kama siku ilipotoka kwa seremala. Kisha rangi nyeupe ya mafuta, mara mbili. Ilipokauka akaandika ubavuni kwa herufi nyeusi zilizonyooka: VIFAA.

Maofisa wenzake walisifu sana. Mmoja alikaa juu yake.

Mama aliporudi Jumatatu, alipokelewa getini na kutembezwa, Jenerali hatua moja mbele akionyesha kwa kidole. Mama alikuwa amechoka na safari lakini ni mtu wa heshima. “Pamependeza,” alisema kwenye mawe. “Hongera,” alisema kwenye nguzo. Kwenye banda la kuku alisema, “Makubwa.” Walipofika stoo aliingia kuweka kikapu chake, akatazama huku na huku.

“Sanduku langu liko wapi?”

“Si hilo hapo! Umelipita.”

Mama aligeuka. Akasogea, akaweka kiganja juu ya kifuniko, akakiinua, akatazama ndani.

“Ulipiga msasa?”

“Mara mbili,” alijibu Jenerali, kifua mbele.

“Na ndani?”

“Ndani na nje.”

“Ahaa,” alisema Mama.

Huyu ni mtu ambaye akisikia lori mita mia mbili anakuambia gia gani ina kasoro. Lakini ile “ahaa” ilimpita sikioni kama upepo. Kesho yake asubuhi alikuta karatasi kwenye friji, juu ya amri yake, imebanwa kwa sumaku ileile:

*Amri namba nane. Mke wa Jenerali amepata uhamisho kwenda kwa mdogo wake. Uhamisho unaanza leo. Muda: hadi itakapotangazwa vinginevyo.*

Imesainiwa vizuri kabisa. Jenerali aliisoma mara mbili na jambo la kwanza alilowaza, Mungu amsamehe, ni kwamba imefuata utaratibu.

Yule binti mwalimu alipopigiwa simu alikuja mbio. Akaenda stoo, akakaa humo kitambo, akatoka mikono kichwani.

“Baba, umefanya nini?”

“Nimepaka kasha rangi.”

“Lile ndilo kasha? Baba, Mama ameandika humo maisha yake yote! Kila nyumba mliyokaa. Siku niliyozaliwa imo humo. Wewe unafikiri zile tarehe alikuwa anazitoa wapi?”

Jenerali alikaa. Si kawaida yake kukaa kabla ya kuambiwa karibu, hata kwake. “Kwa nini hakuandika kwenye daftari kama watu?”

“Madaftari yalikuwa yanapotea kila tukihama. Sanduku halikupotea hata siku moja. Mpaka tulipotulia.”

Aliumia. Lakini kuumia ni kitu kimoja na kuomba radhi ni kingine, na hiki cha pili hakuwa amefundishwa. Huko alikotoka kamanda hasemi samahani. Amri ikiwa na kosa hufutwa kwa amri nyingine, na maisha yanaendelea. Amri hufutwa, haijutiwi. Akaketi mezani, akaandika kwa mkono wake: *Amri namba tisa. Amri namba saba, kifungu cha nne, kuhusu stoo, imefutwa tangu tarehe yake. Amri namba nane nayo, kwa hiyo, imekosa msingi.* Akamkabidhi binti aipeleke kwa mama yake mdogo, mitaa miwili tu kutoka pale. Ilirudi jioni ileile. Chini, kwa wino mwekundu, Mama alikuwa ameandika: *Msasa haufutwi kwa karatasi.*

Siku ya nne akaenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Sajenti. Huyu Sajenti alikuwa dereva wa malori yake kwa miaka kumi na saba, amehamisha familia ile mara tisa, na chokaa yote iliyopakwa pale nyumbani ilitoka dukani kwake kwa bei ya kirafiki.

“Karibu, Afande. Chokaa tena?”

“Nataka dawa ya kutoa rangi kwenye mbao. Kuna maandishi chini.”

“Ipo. Inatoa vizuri tu.” Sajenti alishaifikia rafu, akasita. “Ulipiga msasa, Afande?”

“Mara mbili.”

Sajenti alirudisha kopo mahali pake. “Lile sanduku la Mama?”

“Unalijua?”

“Afande, tulikuwa tukilisoma njia nzima! Sisi wa lori la mwisho. Wewe ulikuwa mbele kwenye gari lako dogo, sisi huku nyuma tunajisomea. Tulikuwa tunasubiri uhamisho kama watu wanavyosubiri gazeti.” Akacheka, kisha akaacha kucheka. “Na mapapai, Afande, naomba nikiri. Tuliyala sisi. Ya nyumba ya nne ndiyo yalikuwa matamu kuliko yote. Nilirudi kule na lori kuchukua mablanketi, nikakuta yameiva.”

“Mapapai gani?”

Sajenti alimtazama bosi wake wa zamani kwa huruma ambayo asingethubutu kuionyesha wakati ule wa magwanda. Akamweleza yote. Miche, maua, mapapai mabichi yaliyohesabiwa asubuhi ya kuondoka.

“Mipapai kumi na nne, Afande. Na halikuingia mdomoni mwake hata moja.”

Jenerali alisogea pembeni, mteja mwingine aliyetaka misumari akahudumiwa akaondoka.

“Nifanyeje?” aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza Sajenti kuulizwa swali hilo na mtu huyo.

“Nenda, Afande. Ila usiende na karatasi.”

Akaenda. Alikwenda kwa miguu, mitaa miwili, amevaa shati la kupiga pasi na viatu vinavyong'aa. Mlangoni alimkuta shemeji yake, mdogo wa Mama, mwanamke aliyekaa miaka ishirini na mitano mapokezi kwa daktari wa meno, na kwa hiyo anajua kumkalisha mtu.

“Shikamoo, Shemeji,” alisema yule mwanamke. “Una miadi?”

“Marahaba. Nimekuja kumwona mke wangu.”

“Kaa hapo kwenye benchi. Nitamwambia.”

Alikaa dakika arobaini, magoti pamoja, mikono mapajani. Shemeji alipita mara tatu na kila mara alisema, “Bado kidogo.” Alipoitwa ndani alimkuta Mama mezani na glasi ya maji, hajakasirika wala hajafurahi.

“Mzee,” alisema Mama. “Umeleta amri gani leo?”

“Sina karatasi.”

“Basi useme.”

Jenerali alifungua mdomo, neno likakataa kutoka. Aliyewahi kuhutubia askari elfu tatu bila kipaza sauti alisimama pale kama mtoto aliyevunja sahani. Mama akamwonea huruma kidogo, si sana.

“Nyumba ya tano ilikuwa wapi?” aliuliza.

“Ya tano...”

“Haya, ya pili?”

Alijua idadi ya malori ya kila kituo. Nyumba hakuijua hata moja.

“Kaa chini,” alisema Mama, akamsukumia daftari na kalamu. “Andika.”

Akaandika. Mama alifumba macho akasema, na Jenerali, miwani puani, akanakili kama karani. Nyumba ya kwanza, chumba kimoja, jiko la kuchangia na wake wa askari wanne. Ya pili, nyoka kwenye pipa la maji. Ya tatu, bati linalovuja. Alijikuta anaandika mambo yaliyotokea chini ya paa lake mwenyewe na kuyasikia kama ya watu baki. Mtoto wa pili alipougua degedege Mama alimbeba hadi zahanati kwa miguu. “Mimi nilikuwa wapi?” aliuliza. “Kwenye mazoezi,” alisema Mama. “Andika.” Ya sita, ya saba, ya nane. Kwenye ya tisa Mama akakwama.

“Ya tisa,” alisema. “Kulikuwa na ukuta wa mawe... hapana, huo ni wa ile ya kumi na moja.” Akafumbua macho. “Ngoja.”

Wakangoja. Nje shemeji alikuwa akifagia mahali palipokwisha kufagiwa.

“Siikumbuki,” alisema Mama polepole. “Tulikaa zaidi ya mwaka. Niliiandika, najua niliiandika, ilikuwa upande wa kulia chini ya bawaba. Mwaka wangu mzima, Mzee. Umekwenda na vumbi la msasa wako.” Na machozi yakamtoka, machozi ya kimya ya mtu asiyependa kulia mbele za watu.

Jenerali aliona aibu. Siyo ile ya kukosea saluti. Alitazama kalamu, akatazama meza, na ndipo ikamjia.

“Mlango ulikuwa wa kijani,” alisema. “Wa nyuma, wa jikoni. Ulitazama barabara ya malori.”

“Wewe umejuaje?”

“Nilikuwa barabarani.” Akavua miwani. “Asubuhi ya kuhama. Malori ishirini na mawili, yote yamewashwa. Saa kumi na mbili kamili tunaondoka. Nikatazama lori la mwisho, wewe humo. Nikatazama nyumbani, nikakuona umeshika debe unamwagilia mpapai. Watoto wamekwishapanda, mizigo imefungwa, wewe unamwagilia mti ambao hutaurudia. Taratibu, kama mtu mwenye siku nzima. Mti una mapapai madogo matatu, upande mmoja.”

Mama aliisogeza glasi pembeni.

“Filimbi ilikuwa mdomoni,” alisema Jenerali. “Sikuipuliza.”

“Kwa nini?”

“Nilikuwa nakutazama.” Akaikunja miwani. “Ulipomaliza ukafunga mlango, ukaja, ukapanda. Nikapuliza. Zilikuwa zimepita dakika nne. Kwenye taarifa nikaandika tairi.”

Mama alimkodolea macho. Kisha mdomo ukaanza kumcheza.

“Ina maana lile tairi ni mimi?”

“Ni wewe.”

“Miaka yote hii! Watu wanakaa sebuleni kwangu, unawasimulia tairi, wanalisikitikia, na mimi nawaongezea chai! Tairi lenyewe ndilo linamimina chai!” Akacheka mpaka akaishikilia meza, machozi yaleyale yakiendelea, na shemeji akachungulia mlangoni na ufagio mkononi kuhakikisha hakuna aliyekufa.

Jenerali hakucheka. Alisimama, wima, vidole kwenye mshono wa suruali, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kusimama mbele ya jambo zito.

“Nisamehe, Mama,” alisema. “Kwa sanduku. Na kwa mipapai, yote kumi na nne.”

“Kumi na tatu,” alisema Mama, akijifuta macho. “Wa nyumba ya kwanza ulikauka wenyewe. Kaa uandike hiyo ya tisa, kabla hujaisahau na wewe.”

Mama alirudi nyumbani kesho yake, Jenerali amembebea begi. Nyumba zote ila ya tisa alizinakili upya kwenye sanduku kwa penseli, akakiri kwa shingo upande kwamba rangi nyeupe inashika maandishi vizuri. Nyumba ya tisa aliiandika Jenerali, kwa mwandiko wake ulionyooka. Kitabu kikarudi nyuma kuanzia ukurasa wa sitini na moja, na mpaka leo binti hajui kitaisha lini, maana sasa wanakitunga watu wawili na mmoja wao hamwogopi mwenzake.

Na mwezi uliofuata, bila kumwambia mtu, Mama akapanda mpapai nyuma ya jikoni. Jenerali aliuona. Ulipopata kigogo cha kueleweka alionekana mara mbili akiuzunguka na brashi mkononi, na mara zote mbili aliondoka bila kuugusa.

Barua ilikuja Ijumaa. Bahasha ya kaki, muhuri wa wizara. Walimwomba aongoze kituo kipya cha usafirishaji, mbali sana na pale, kwa miaka miwili, na kazi hiyo ilikuja na nyumba, gari, dereva na mlinzi wa getini. Yaani mtu wa kumpigia saluti kila asubuhi. Jenerali aliisoma akiwa amesimama getini, akaisoma tena, na uso wake ukawa wa mtu wa miaka thelathini. Alipoinua macho alimwona Mama nyuma ya nyumba na ndoo ya kumwagilia. Bahasha za rangi ile alizifahamu tangu ujana. Aliitua ndoo chini, akakausha mikono kwenye kanga.

“Nikalete sanduku?” aliuliza.

Aliuliza bila hasira wala kejeli. Aliuliza kama alivyouliza mara kumi na nne. Jenerali alimtazama, akautazama mpapai, akaingia ndani.

Jumapili binti alipokuja alikuta jibu limeshaandikwa kwa mkono, lasubiri kuchapwa. Lilikuwa la mistari miwili: *Naishukuru Serikali kwa heshima hii. Sitaweza kuondoka, kwa kuwa mpapai wa mke wangu umetoa maua.*

“Baba, hii inakwenda wizarani!” alisema binti. “Watu huandika afya. Niweke sababu za afya?”

“Hapana,” alisema Jenerali. “Zamani niliandika tairi. Safari hii andika mpapai.”